Kichwa Kimwelekee Nani

Kuku alikuwa ameshaiva, ametolewa sufuriani na kulazwa kwenye sinia, shingo imenyooka, kichwa kimekaa juu kama cha mtu anayesubiri kuitwa jina. Su-yin alimfunika kwa kitambaa. Haukupita muda akamfunua tena, maana kule kufunikwa kulimfanya atishe zaidi.

"Umenisikia lakini?" mumewe aliuliza, amesimama mlangoni mwa jiko.

"Nimesikia."

"Basi ndiyo hivyo. Kichwa kimwelekee Mzee Hok."

Kun-yi aliyasema hayo huku akitazama vidole vya miguu yake. Su-yin alishika ukingo wa sinki.

Pale mjini Lukang jambo hili hata mtoto analijua. Mwaka ukikaribia kwisha, mwenye karakana huwalisha wafanyakazi wake. Asubuhi humtolea Mungu wa Ardhi kuku mzima, kichwa chake juu, na jioni kuku yule yule huletwa mezani. Kichwa kikimwelekea bosi, watu wanakula kwa amani. Kikimwelekea mfanyakazi, huyo baada ya sikukuu asirudi tena kazini. Siku hizi wengi wamelifanya mzaha, na wengine hukikata kichwa wakakitupa ili watu wale kwa raha zao. Lakini mwaka ule oda za koki kutoka ng'ambo zilikuwa zimekatika, na karakana za barabara ile zilikuwa zinashusha milango leo hii, kesho ile. Nani angecheka na kuku?

"Kwa nini usimwambie kwa mdomo?" Su-yin aliuliza.

"Nimwambieje? Yule mzee kanibeba mgongoni. Ndiye aliyenishikia baiskeli nilipokuwa najifunza. Kila nikimfuata nimwambie, ananitazama hivi, na mimi naishia kumuuliza kama amekula."

"Kwa hiyo nimwambie mimi. Kwa kuku."

"Wewe unaweka sahani tu, mke wangu. Mtu haweki sahani?"

"Hiyo sahani itawekwa na mikono ya nani?"

Kun-yi akajikuna shingoni, akasema kwa sauti ya chini, "Ataelewa. Mzee yule ana akili. Ataona, atanyamaza, atakula, ataenda zake. Hakuna atakayeaibika."

"Baba yako miaka yote kichwa alikielekeza kwake mwenyewe."

"Baba alikuwa na oda!" Kun-yi alifoka, kisha akatazama chini ngazini kama mtu aliyesikika. Karakana ilikuwa chini, nyumba juu, na sauti katika nyumba ile haikuwa na siri. "Kazi iliyobaki ni ya watu wawili. A-chuan nikimtoa, nani atakereza? Dada Giok anafungasha, anafagia, anapika chai, anapokea simu. Mzee Hok anang'arisha koki na kukohoa. Nikimbakisha, mwezi wa tatu tunafunga wote. Unataka tufunge?"

Hakutaka wafunge. Hilo ndilo lililomkaba roho. Angekuwa mumewe ni mtu mbaya ingekuwa rahisi, angemgombeza na mambo yakaisha. Lakini Kun-yi alikuwa mwoga tu, na hesabu yake ilikuwa ya kweli.

Tena Su-yin hakuwa amewahi kukaribisha wageni wa chakula. Tangu aolewe, karamu ya kufunga mwaka ilifanyika hotelini karibu na hekalu, baba mkwe akiwa hai, na yeye alikuwa anakwenda kukaa na kutabasamu. Mwaka huu mzee hayupo na hoteli hawaiwezi. Usiku kucha alikuwa amewaza wali usije ukawa bokoboko, chaza wasije wakanuka, watu wasije wakakosa pa kukaa. Sasa aliona alivyokuwa mjinga. Alikuwa anaogopa wali!

* * *

Meza aliiazima kwa jirani, mke wa muuza ubani. Ilikuwa meza ya duara, ina kioo cha kuzunguka katikati, ya kukaa watu kumi.

"Mwaka huu hamwendi hotelini?" jirani aliuliza, akiipangusa meza pole pole ili mazungumzo yapate muda.

"Tumeona nyumbani kuna joto zaidi."

"Eee, nyumbani kuzuri. Hata sisi, kama mambo yangekuwa magumu, tungefanyia nyumbani." Akatabasamu kwa huruma ambayo hakuombwa. "Kioo mkishike vizuri, mwenzangu. Kinateleza sana, ukikigusa kidogo tu kinakwenda."

Su-yin alishukuru, akainama, akashukuru tena. Sokoni mambo yalikuwa hayo hayo. Muuza chaza alimpimia huku anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mboga kama kweli karakana ya marehemu baba mkwe wake, Mzee Shih, bado inawasha mashine. "Inawasha," Su-yin alijibu, masikio yakimwaka moto.

Alasiri alikuwa akikunja mikate laini yenye nyama ya mafuta na karanga za kusaga, aliposikia viatu vikivuliwa mlangoni. Alikuwa Dada Giok, mfungashaji, amekuja mapema kabla ya wenzake, na aproni yake mwenyewe mkononi.

"Nimekuja kusaidia, Mama Bosi. Mtu mmoja utayaweza yote haya?"

"Aa, Dada, wewe leo mgeni. Kaa."

"Mgeni wa nani? Lete hivyo vitunguu." Akaanza kukatakata, upesi upesi, lakini macho yake yalikuwa yanatembea jikoni. Yalipita kwenye chaza, yakapita kwenye supu, yakaganda kwenye kitambaa kilichokuwa kimerudishwa juu ya sinia. Kisu kikapungua mwendo.

"Kuku ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Mkubwa eeh."

"Wa kawaida tu."

Dada Giok alicheka kicheko kisicho na mahali pa kukaa. Akaweka kisu chini. Mume wake alikuwa kitandani tangu alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimlisha, akimwogesha, kisha anakuja kufungasha koki. Akamsogelea Su-yin mpaka pumzi zake zikasikika.

"Mama Bosi, nakuomba kitu kimoja. Kama ni mimi, niambie sasa hivi. Usiniache nikae pale mbele ya watu nakula huku natetemeka. Nitachukua aproni yangu nitaenda. Sitapiga kelele."

"Dada Giok, jamani..."

"Ni mimi?"

"Si wewe!" Su-yin alisema, na kabla neno halijamaliza kutoka akajua amefanya nini.

Dada Giok alimtazama. Uso wake kwanza ulilegea, rangi ikamrudia, halafu pole pole ukabadilika.

"Basi yupo," alisema.

Su-yin alirudi kwenye mikate yake. Karanga zilikuwa zinamwagika nje. Dada Giok aliokota kisu akaendelea na vitunguu, na baada ya muda akaanza kuongea juu ya bei ya samaki, juu ya binamu yake, juu ya mvua, kwa sauti kubwa ya mtu aliyepona. Alikuwa na furaha, maskini, na alikuwa anaionea haya furaha yenyewe, akawa hamtazami tena Su-yin usoni.

* * *

Jioni wakaja wengine. A-chuan mkerezaji alifika akinuka sabuni, nywele amezilowesha, na chupa ya pombe kali ya mtama kwapani. Huyu kwa kawaida hafungi mdomo, lakini leo mizaha yake ilikuwa inatoka mmoja mmoja kama maji ya koki mbovu.

"Mama Bosi, nimeshinda na njaa tangu jana kwa ajili yako. Ukiona nimekula na kioo usishangae."

"Karibu, kaka. Kioo cha watu hicho."

Mzee Hok akaja mwisho, anapanda ngazi kwa kusimama simama, kikohozi kikimtangulia. Alikuwa amevaa koti jeusi lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama, na mkononi ana mfuko wa machungwa. Aliutoa kwa mikono miwili.

"Ya mwenye nyumba," alisema. "Mke wangu kayachagua moja moja. Amesema mara ya kwanza kukaribishwa nyumbani kwa mtu huendi mikono mitupu."

"Mzee, ungejisumbua nini?"

"Kusumbuka kitu gani? Mimi na nyumba hii! Huyu Kun mdogo amewahi kunikojolea hapo hapo kwenye ngazi."

Watu wote wakacheka, Kun-yi akacheka kuliko wote, mpaka ikawa haipendezi.

Likaja suala la kukaa. Kiti kinachotazamana na mlango wa jiko kilibaki wazi. A-chuan alikipita kana kwamba hakukiona, Dada Giok akakimbilia kilicho kando yake. Ni kiti cha heshima, cha mgeni mkubwa, na ni kiti ambacho sahani ikitoka jikoni hukikuta uso kwa uso.

"Mzee Hok, kaa hapo," A-chuan alisema. "Wewe ndiye mkubwa wetu."

"Hapo, Mzee, hapo," Dada Giok akaitikia, macho yake sakafuni.

Mzee akakaa, akainua pindo za koti zisijikunje.

Wakala mikate, wakala chaza wa kukaanga na tambi. Wakasifu. Wali haukuwa bokoboko hata kidogo. Lakini kila Su-yin alipoinuka, vijiti vilisimama hewani, na aliporudi na supu badala ya kuku watu walishusha pumzi, wakaanza kuongea kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza habari za kuku. Pombe ya A-chuan ilikuwa imejaa vile vile kwenye vikombe.

"Mke wangu," Kun-yi alisema hatimaye, sauti imemkauka. "Mlete kuku."

Jikoni Su-yin alimkata kuku vipande, akavipanga siniani vikarudi kuwa kuku, akakiweka kichwa mahali pake. Kisu kilikuwa pale. Angeweza kukitupa kile kichwa kwenye ndoo ya taka akaenda zake mezani, na akakishika kweli, akakiinua. Halafu akaona karakana imefungwa, mlango wa chuma umeshushwa, Dada Giok na mumewe kitandani, yeye na Kun-yi wanahama na mabegi huku mke wa muuza ubani anawaangalia kwa huruma yake. Akakirudisha. Akaona koti la Mzee Hok lililopigwa pasi. Akakishika tena. Alikuwa anaogopa kukiacha na anaogopa kukitupa, na huko nje kimya kilikuwa kinamsubiri yeye. Akakiacha mahali pake, akachukua sinia akatoka.

Alifika mezani asijue atafanya nini. Macho yote yalikuwa kwenye sinia. Aliliinamisha, akalizungusha mikononi, akaliweka juu ya kioo, na mdomo wa kuku ukamtazama Kun-yi kifuani.

Aa! Meza nzima ilipumua. Dada Giok alijishika kifua. A-chuan alipiga paja lake, akaikamata chupa.

"Bosi mwenyewe! Bosi kafukuzwa kazi! Jamani, tumnywee bosi!"

Vikombe vikagongana. Mzee Hok alikuwa anacheka na kukohoa, anafuta machozi. Su-yin alikaa kando ya mumewe, akadhani yamepita.

Kun-yi hakunywa. Uso wake ulikuwa mweupe. Aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono akauweka ukingoni mwa kioo.

"Mzee Hok," alisema, "wewe bado hujapata paja. Ngoja nikusogezee paja."

Kioo kikaanza kwenda. Kilikwenda polepole, bila sauti, na sinia likaenda nacho. Kichwa kilimwacha Kun-yi, kikampita Su-yin, kikampita A-chuan ambaye kicheko kilimkatikia mdomoni, kikaenda kikasimama mbele ya Mzee Hok. Paja lilikuwa upande wa pili kabisa.

Supu ilikuwa inatoa mvuke.

Ndipo Su-yin alipojiona amenyoosha mkono wake. Hakukata shauri, mkono ulikwenda wenyewe. Alikishika kioo akakivuta kirudi. Kun-yi alikuwa hajakiachia, akakibana. Wakawa mume na mke wamekaa bega kwa bega, wanatazama mbele, kila mmoja anavuta kwake, na kioo cha watu kinatetemeka katikati, bakuli zinagongana, supu inaruka kwenye tambi. Wageni waliangalia ile mikono miwili. Aibu ile, wallahi, Su-yin alitamani sakafu ifunguke imshushe karakanani.

"Acheni," Mzee Hok alisema.

Wakaacha. Kichwa kikabaki kimemwelekea yeye.

"Bosi."

Kun-yi alishtuka. Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa bosi na mzee yule. Alikuwa Kun mdogo siku zote.

"Baba yako aliwahi kunifukuza. Unajua hilo? Siku hizo nilikuwa mlevi. Alinifuata pale pale penye mashine yangu, akaizima, akaniambia, 'Hok, kesho usije.' Nilimtukana yeye na ukoo wake. Lakini nilikwenda nyumbani nikijua nimefukuzwa na mtu, na mtu huyo huyo akaja kunirudisha. Sasa wewe unataka nifukuzwe na kuku?"

A-chuan alitoa sauti kama ya kucheka, akaimeza.

"Una mdomo," Mzee Hok alisema, hana hasira. "Sema."

Kun-yi alifungua mdomo. Ukafunga. Akaufungua tena, midomo inamcheza kama ya mtoto, na wote waliona neno likija, likikwama, likigeuka njiani.

"Mzee Hok..." alisema. "Umekula?"

Dada Giok akafunika uso kwa aproni.

"Bado sijala," Mzee Hok alijibu. "Nakusubiri."

Kun-yi alikuwa analia sasa, waziwazi, kamasi zinamtoka. Su-yin alitaka kumshika mkono na hakuweza. Mkono wake ulikuwa bado unauma kwa kuvutana.

"Baada ya sikukuu usije, Mzee," alisema. "Kazi hakuna. Nimepiga hesabu kila namna, hakuna. Nisamehe."

Mzee Hok aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali.

"Haya. Nimesikia."

Akakisukuma kioo kwa kidole, paja likamfikia, akalichukua.

"Mbona mnaniangalia? Mama Bosi kaamka alfajiri kwa ajili yetu. Kuleni."

Wakala. Hilo ndilo lililomtia Su-yin hofu baadaye kila alipolikumbuka: walikula. A-chuan alikula ameinamia bakuli. Dada Giok alilia na kula, machozi yanaingia kwenye wali, na sinia likaisha mpaka kikabaki kile kichwa peke yake juu ya mafuta yaliyoganda.

* * *

A-chuan na Dada Giok waliaga pamoja, wakashuka ngazi haraka. Kun-yi alikuwa amebaki mezani, uso kwenye viganja. Su-yin alikuwa jikoni amefungua koki ili asisikie kitu, alipohisi mtu nyuma yake.

"Mama Bosi," Mzee Hok alisema. "Kile kichwa kipo?"

"Kipo, Mzee."

"Nifungie."

Su-yin alimtazama, akidhani labda pombe. Lakini macho ya mzee yalikuwa makavu. "Una paka nyumbani?"

"Sina paka. Ni cha mke wangu." Alishusha sauti, akatazama upande wa mezani asije akasikika. "Tangu asubuhi hajatulia. Kanipigia pasi koti hili, kanivua, kalipiga tena. Amesema atakaa macho mpaka nirudi, nimwambie kichwa kilielekea wapi."

"Si utamwambia tu, Mzee?"

"Nimwambieje?"

Alikohoa, akajifuta mdomo kwa leso, akaikunja leso vizuri akairudisha mfukoni. Ule ujasiri aliokuwa nao mezani haukuwepo hata chembe. Alikuwa mzee tu, na alikuwa anaogopa kwenda nyumbani kwake.

"Nikifika nitakiweka mezani," alisema. "Ataelewa."

Su-yin alikichukua kichwa, akakifunga kwenye karatasi, akaongeza karatasi nyingine maana mafuta yalikuwa yanapenya, akakitia kwenye mfuko ule ule uliokuja na machungwa. Akampa kwa mikono miwili, naye akapokea kwa mikono miwili, wakainamiana.

Kutoka dirishani alimwona akipita chini ya taa ya karakana, anatembea polepole. Mfuko alikuwa ameushika mbali kidogo na mwili, koti lisije likachafuka.